Itatoka au Haitatoka?

Nafanya kazi Durban, kwenye chumba kinacholinda mitandao ya kompyuta ya kampuni za usafirishaji na mawakala wa forodha. Skrini zilizo mbele yangu hupokea taarifa usiku kucha: nani ameingia kwenye mfumo na kutoka wapi, faili gani limefunguliwa, barua pepe ipi imebeba kiambatisho cha kutilia shaka. Wageni wakija hupiga picha skrini hizo. Mimi akili yangu iko kwa mtu aliye upande wa pili wa simu, yule ambaye saa nane za usiku atalazimika kusema "zima" au "msizime", na kwa yale machache ambayo lazima nimwambie kabla hajasema.

Katika fani yetu jambo hili lina jina kavu: kutambua mahitaji ya taarifa kwa ajili ya uamuzi. Kabla hujakusanya data yoyote, jua uamuzi gani utafanywa, nani ataufanya, kabla ya saa ngapi, na ni mambo gani mawili matatu ambayo akiyajua yanaweza kuugeuza uamuzi huo. Mashirika mengi huanzia kwingine. Hununua mitambo ya kunasa kila kitu, halafu siku ya shambulio mkurugenzi anakabidhiwa lundo la ripoti ambalo hawezi kulisoma hata kama angepewa wiki nzima.

Nikikutana na wakurugenzi wa aina hiyo huwaeleza habari za wachuuzi wa Warwick Junction, maana wengi wao hupita hapo kwa gari kila asubuhi, vioo vimefungwa.

Warwick ni makutano ya reli, mabasi na teksi, yaani matatu za huku, ukingoni mwa katikati ya jiji, chini na juu ya barabara za madaraja. Inakadiriwa kwamba watu 460,000 hupita hapo kwa siku, na wafanyabiashara ni kati ya 5,000 na 8,000. Kuna Early Morning Market, soko la mboga na matunda lililotimiza miaka 100 mwaka 2010. Kuna soko la dawa za miti shamba lililopangwa juu ya daraja la barabara kuu ambalo ujenzi wake uliachwa njiani. Kuna wapishi wa vichwa vya ng'ombe, watunga shanga, wauza kofia, vinyozi na mafundi simu. Mwaka 2009 manispaa ilitaka Early Morning Market ipishe jengo la maduka ya kisasa. Wachuuzi wakakataa, wakasimama pamoja nao Asiye eTafuleni, shirika lililoanzishwa 2008 kusaidia watu wa sekta hii, na mawakili wa Legal Resources Centre. Soko lipo hadi leo.

Mama mmoja wa Kizulu ninayenunua kwake nyanya aliwahi kunieleza anavyoamua kiasi cha mzigo wa siku. "Ma," nilimuuliza, "unajuaje leo ununue masanduku mangapi?" Akanitajia mambo matatu bila kufikiri. Bei ya alfajiri kwenye soko kuu la Clairwood, ambayo huipata kwa simu ya mwanawe aliyeko huko. Kama teksi zinatembea au zimegoma, ambalo humuuliza dereva anayekaa naye mtaa mmoja huko uMlazi. Na tarehe ya mwezi, kwa sababu ruzuku za wazee na watoto zikishalipwa watu wananunua, na zisipolipwa nyanya zinaozea mezani. Mvua ya Limpopo na thamani ya randi hazimshughulishi saa hiyo. Na ana saa ya mwisho: habari za mgomo wa teksi zikimfikia saa kumi alfajiri zinamwokolea mtaji, zikimfikia saa mbili asubuhi ni za kupigia soga tu.

Kila ninachokitafuta kwa mkuu wa shirika kubwa kimo humo: uamuzi, mwenye uamuzi, saa, maswali, na jina la mtu anayejua jibu la kila swali.

Sasa shuka kilomita chache kutoka Warwick hadi bandarini. Alhamisi tarehe 22 Julai 2021, Transnet, shirika la umma linaloendesha bandari na reli za mizigo za Afrika Kusini, liligundua kwamba mifumo yake imevamiwa. Bandari ya Durban hupitisha takriban asilimia 60 ya makontena ya nchi hii, mbali na mizigo ya Zambia na Kongo. Na jiji lilikuwa halijapumua. Siku chache kabla, ghasia zilizofuata kufungwa kwa rais wa zamani Jacob Zuma zilikuwa zimegharimu maisha ya watu zaidi ya 350 hapa KwaZulu-Natal na huko Gauteng. Maghala yalikuwa yamechomwa, maduka yamevunjwa, watu wamepanga foleni za mkate. Katika hali hiyo ndipo kompyuta za bandari zikazimwa.

Wafanyakazi waliagizwa wazime mashine zao. Shughuli za makontena zikahamia kwenye karatasi na kalamu. Tarehe 26 Julai kitengo kinachoendesha vituo vya makontena kikatoa tamko la kisheria kwamba hakiwezi kutimiza mikataba yake kwa sababu iliyo nje ya uwezo, tamko lililohusu Durban, Cape Town, Ngqura na Port Elizabeth. Liliondolewa mwanzoni mwa Agosti. Wataalamu walioona ujumbe ulioachwa na wavamizi walisema unafanana na wa programu za kudai kikomboleo za ukoo wa Hello Kitty, zinazofunga faili za mtu kisha kumdai pesa ili azifungue.

Habari hii ilipotangazwa, watu wa fani yangu walibishana sana kuhusu jina la programu hiyo na nchi walikotoka wavamizi. Naelewa kwa nini. Ni maswali yenye kusisimua. Lakini jiweke kwenye kiti cha msimamizi wa kituo cha makontena mchana ule. Uamuzi wake wa kwanza ni kuzima au kutozima. Ili auamue anahitaji kujua kama ugonjwa bado unaenea, na kama mitambo inayoongoza kreni imeunganishwa na mtandao wa kompyuta za ofisini. Jina la virusi linaweza kungoja hadi kesho. Muungano wa kreni na ofisi hauwezi kungoja, na hilo ni jambo la kujulikana miezi kabla, likachorwa kwenye karatasi, karatasi ikawekwa mahali ambapo mtu anaweza kuifikia umeme ukiwa umekatika.

Uamuzi wa pili ni mzigo upi utangulie. Julai ni msimu wa machungwa ya kuuzwa nje, na Transnet iliamua kutanguliza makontena ya baridi, hasa kupitia Durban. Naliona kuwa jambo la busara. Lakini fikiria utekelezaji wake bila mfumo. Uwanja umejaa makontena yaliyopangwa moja juu ya jingine, yanafanana, na kumbukumbu ya lipi liko wapi imo ndani ya kompyuta ambayo huruhusiwi kuiwasha. Msimamizi anahitaji kujua lipi limebeba matunda, liko safu gani, limechomekwa umeme au la, na lina muda gani kabla mzigo haujaharibika. Siku hiyo orodha ya makontena ya baridi iliyochapishwa mwanzoni mwa zamu ina thamani kubwa kuliko skrini zote za chumba chetu. Kuichapisha ni kazi ya dakika chache, na katika kila kituo cha makontena nikitembeleacho mimi huuliza: orodha yenu ya zamu hii iko wapi?

Upande wa sheria nao ulikuwa na saa yake. Tarehe 1 Julai 2021, wiki tatu tu kabla ya uvamizi, muhula wa kujiandaa na sheria ya kulinda taarifa binafsi, POPIA, ulikuwa umekwisha. Sheria hiyo inalitaka shirika lililovamiwa limjulishe Mdhibiti wa Taarifa pamoja na watu ambao taarifa zao zimefikiwa na wavamizi, mapema iwezekanavyo. Basi mwanasheria wa shirika lolote katika hali hiyo ana swali lake: data imenakiliwa na kutolewa nje, au imefungwa tu ilipo? Jibu hupatikana kwenye kumbukumbu za mtandao, nazo hupatikana tu kama mtu aliamua zamani kuzihifadhi, na mahali ambapo mvamizi hafiki.

Hao wote ni watu wa ndani. Wiki ile aliyenisimamisha barabarani ni mama mmoja wa Bukavu, Kongo, muuza vitenge wa Warwick. Muuzaji wake wa jumla alikuwa na kontena bandarini na alimtaka atoe malipo ya awali kabla ya Ijumaa. Mama huyu alikuwa na fedha za kufanya jambo moja: kulipia vitenge vilivyo ndani ya kontena, au kununua kidogo kidogo kwa bei ya juu kutoka mzigo uliokwishafika mjini. Meza yake ilikuwa karibu tupu baada ya ghasia.

"Dada," aliniambia, "we unatumika ku kompyuta. Kontena itatoka ao haitatoka?"

"Mama, muuzaji wako anasemaje?"

"Anasema kesho. Na juzi alisema kesho."

Hakutaka kujua virusi ni nini. Alikuwa na uamuzi, alikuwa na saa ya mwisho, na taarifa aliyoihitaji ilikuwa moja, tena nyepesi: kazi inaendelea kwa kasi gani, na habari za uhakika zitatoka lini. Matangazo ya mwanzo yalizungumzia hitilafu ya mtandao wa kompyuta. Kwa mtu wa Warwick, hitilafu yaweza kuwa ya saa mbili au ya mwezi mzima. Aliamua kununua kidogo kidogo. Muuza soksi jirani yake alilipia kontena. Wote wawili walikuwa wamekisia, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu bandarini tayari walikuwepo watu waliojua kwamba mizigo ya kawaida haitatoka wiki ile kwa kasi iliyozoeleka.

Mwaka 1995 Mica Endsley, mhandisi wa Marekani aliyekuwa akichunguza kazi za marubani, aliandika kwamba ufahamu wa hali una ngazi tatu: kuona kinachotokea, kuelewa maana yake, na kukadiria kitakachofuata. Vyumba kama changu vina mashine nyingi za ngazi ya kwanza, watu wachache wa ngazi ya pili, na karibu hakuna anayelipwa kwa ajili ya ngazi ya tatu. Swali la mama wa vitenge lilikuwa la ngazi ya tatu moja kwa moja. La mkurugenzi pia huwa la ngazi hiyo, ila yeye hulificha nyuma ya maneno "nataka ripoti kamili".

Ukimuuliza mtu anahitaji taarifa gani, atakujibu zote. Gary Klein, mwanasaikolojia aliyewachunguza makamanda wa zimamoto Marekani miaka ya 1980, aliepuka kuuliza hivyo. Alimwomba kamanda asimulie moto mmoja mgumu, hatua kwa hatua, kisha akamrudisha nyuma: hapa ulipoamua kuwatoa vijana ndani ya nyumba, ulikuwa umeona nini? Kipi kingekufanya uamue vingine? Mimi hufuata njia hiyo hiyo, na mahali ambapo balaa halijatokea tunalitunga mezani.

Karibu na stesheni ya Berea kuna ofisi ya mawakala wa forodha waliokubali kufanya zoezi hilo nami. Niliwapa hali hii: ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, faili zote zimefungwa na kuna ujumbe wa kudai pesa. Mkurugenzi akasema anataka ripoti kamili. Nikamuuliza, ukiipata utafanya nini? Hapo maamuzi yakaanza kutoka moja moja. Je, tulikate tawi la Johannesburg? Tuwaambie wateja leo au Jumatatu? Mishahara italipwaje?

Tulishika hilo la Johannesburg. Ili kuamua, walihitaji kujua kama mashine za huko zilikuwa zinatumia seva ile ile ya kuingilia mfumo mchana huo. Nani anajua? Kijana mmoja wa kompyuta, ambaye jioni ile, katika hadithi yetu, yuko kwenye treni kuelekea kwao. Namba yake ya simu iko wapi? Wakatazamana. Ilikuwa kwenye orodha ya mawasiliano ndani ya barua pepe ya kampuni, yaani ndani ya mfumo uliofungwa. Mkurugenzi aliiandika namba hiyo papo hapo, kwa wino, akaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Jibu lililonifurahisha kuliko yote lilitoka kwa karani wa hesabu, dada mkimya wa Chatsworth ambaye hakuna aliyemtazama tangu zoezi lianze. Yeye hulipa ushuru na ada kwa niaba ya wateja. Alisema kwamba siku mifumo imeyumba ndiyo siku matapeli wanapotuma barua pepe za kubadilisha akaunti ya benki. "Mimi nahitaji kujua kitu kimoja," alisema, "kama huyu aliyeandika ni yeye kweli, na nahitaji kukijua kabla benki haijafunga malipo ya siku." Chanzo cha jibu tulikipata hapo hapo: kumpigia mteja kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani uliochapishwa, kamwe isiwe namba iliyo ndani ya barua pepe yenyewe. Huo ni uamuzi wa ulinzi wa mtandao kama ulivyo ule wa kuzima seva, na anayeufanya ni karani.

Wakati mwingine swali moja linabeba kila kitu. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliikumba Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark, na kompyuta zake zikafa duniani kote, zikiwemo seva zinazohifadhi ramani ya nani anaruhusiwa kuingia wapi. Seva hizo zilikuwa zikinakiliana, kwa hiyo zilikufa pamoja. Kurudisha data nyingine kulikuwa hakuna maana bila ramani hiyo. Basi swali likawa hili tu: kuna nakala iliyonusurika popote pale? Walipiga simu ofisi kwa ofisi hadi wakaipata Ghana. Umeme ulikuwa umekatika, seva ya pale ikawa nje ya mtandao virusi vilipopita. Nakala hiyo ilisafirishwa kwa mkono: mfanyakazi wa Ghana akakutana na mwenzake uwanja wa ndege Nigeria, huyo akaifikisha Uingereza. Nikiwasimulia wateja wangu wa Durban huwaomba wajibu swali hilo hilo kuhusu kampuni zao, leo, kabla ya chakula cha mchana. Wengine hujibu kwa ujasiri, nawaomba wanionyeshe.

Nyumbani Kenya tuliona sura nyingine ya jambo hili Julai 2023, wakati kundi lililojiita Anonymous Sudan lilipoifurikisha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa maombi bandia hadi huduma zikakwama. Serikali ilisema data haikupotea. Ununuzi wa tokeni za umeme na tikiti za treni uliathirika. Mimi nilifuatilia zaidi habari za viza. Viza za Kenya zilikuwa zikiombwa mtandaoni, na ndege zilikuwa angani. Serikali ikaamua wageni wapewe viza wakifika. Taarifa iliyohitajika kwa uamuzi huo ni kama mfumo utarudi kabla abiria hawajatua, na kama kuna maofisa na vitabu vya kutosha kwenye kaunta. Nani alitoka wapi na kuishambulia seva ipi lilikuwa swali la polisi, na polisi walikuwa na muda: Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Sudan.

Kwenye mipango ya dharura ninayosaidia kuandika sasa, kila uamuzi una mstari wake, na ukurasa wa mwisho ni wa watu wa nje: madereva wa malori wanaopanga foleni barabara ya Bayhead, wenye maghala, wachuuzi. Wateja wengi huniambia ukurasa huo ni kazi ya idara ya mawasiliano. Nawakatalia. Dereva akijua lango halifunguki leo haondoki Johannesburg, na foleni inapungua. Mchuuzi akijua, hamlipi tapeli anayedai ana njia yake bandarini. Ulinzi wenyewe unategemea watu hao wafanye nini saa zile.

Kwa hiyo naandika ujumbe mapema, mifumo ikiwa mizima, nikiacha nafasi za tarehe tu. Ule wa bandari yoyote ningetaka usomeke hivi: "Kompyuta za bandari zimevamiwa leo asubuhi. Kazi inaendelea kwa mkono, na makontena ya baridi yanatangulia. Kontena la kawaida usilitarajie kabla ya tarehe hii. Bado hatujui kama taarifa za wateja zimeibwa. Tutasema tena saa kumi jioni, hata kama hakuna jipya. Usimlipe mtu anayedai anaweza kukutolea kontena haraka." Utoke kwa Kizulu, Kiingereza na Kiswahili, usomwe Ukhozi FM, ubandikwe kwenye nguzo za vituo vya teksi. Na chini yake pawe na jina la ofisa wa zamu mwenye ruhusa ya kuutoa bila kusubiri saini ya mkuu wake.